Ndoo ya Uji Mchachu

Nimepika kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kumwaga chakula changu. Wapo waliokinung'unikia. Wapo wapakiaji waliosema maharage yangu yana mawe, nikawaambia walete meno yaliyovunjika kama ushahidi. Lakini kumwaga, hakuna. Watu mia tatu na ushee wanakula mikononi mwangu kila siku ya kazi, na asubuhi nikipakua uji mchachu foleni inaanzia dirishani mpaka stoo ya magunia. Kwa hiyo mnielewe. Jumatatu ile nilipoifuata ndoo yangu ya unga wa uji, jikoni kwangu nyumbani, nikaikuta imesuguliwa ikang'aa na ndani hamna hata tone, nilijiona nimetukanwa mbele za watu.

Unga ule haukuwa wa kiwanda. Ulikuwa wa mke wangu.

Alikuwa ametoka hospitali Ijumaa. Walimpasua tumbo, wakatoa uvimbe, na kidonda kilikuwa kinafunga vizuri. Daktari mwenyewe alikisifu. Tatizo lilikuwa chakula. Supu aliionja akaisukuma. Ndizi alikula nusu. Chai alikunywa vijiko vitatu akasema ameshiba, mwanamke ambaye kabla ya kuugua tulikuwa tunagombea naye ukoko. Daktari akaniita pembeni akaniambia, "Nampa siku kumi. Mlete Jumatatu ya wiki ya pili tumpime uzito. Akiwa ameendelea kushuka namlaza tena, na safari hii atalishwa kwa mpira." Nilirudi nyumbani na maneno hayo na karatasi ya tarehe aliyoniandikia, nikasimama kwenye mlango wa chumba nimeishika. Yeye akafumbua macho akaniambia, "Baba watoto, si unipikie uji wako ule mchachu."

Hebu niambieni, mwanamume mpishi akiombwa hivyo na mkewe mgonjwa afanye nini? Nilikwenda kununua unga hata viatu sijafunga.

Uji mchachu hauna njia ya mkato. Unga wa mtama uwe mwingi, wa mahindi uwe kidogo, na usagwe usilainike sana. Unauloweka kwa maji ya vuguvugu ndani ya ndoo, unatia miiko miwili ya unga uliochacha safari iliyopita, hiyo ndiyo chachu, unafunika kwa kitambaa, unauweka karibu na jiko. Halafu unauacha. Watu wengi wanashindwa hapo pa kuuacha. Siku ya tatu unakuwa unatoa mapovu polepole, na ukifunua harufu inakupiga puani mpaka mate yanajaa. Hapo ndipo unachemsha maji na kuumimina huku unakoroga bila kupumzisha mkono. Wale wanaokamulia ndimu kwenye uji wa kawaida wakauita mchachu, hao nawaombea tu.

Niliuloweka Jumamosi asubuhi. Jumapili mchana akaja mama mkwe kumuuguza mwanawe, na begi lake, na kuku wawili. Nilimpokea kwa mikono miwili, shikamoo mama, marahaba baba, hamjambo hapa, hatujambo mama. Nikampa chumba cha watoto, maana watoto wetu wote wawili wako shule ya bweni. Jumatatu alfajiri naamka kwenda kupika uji, nakuta ndoo imeinamishwa dirishani inakauka.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda ananyonyoa kuku.  Mimi ningesema nini? Mtu na mama mkwe wake hawakunjiani ngumi. Huyu ndiye aliyenipa mke. Kumwinulia sauti ni sawa na kumwambia achukue alichonipa aondoke nacho. Nikaligeukia birika lililokuwa jikoni, nikaliambia, "Birika, hapa palikuwa na ndoo yenye unga. Sijui imepatwa na nini."

Mama mkwe naye akauambia ufagio, "Ufagio, nyumba yenye mgonjwa haifai kunuka."

Kunuka. Uji wangu unanuka. Nilikwenda kazini bila kunywa hata chai, na siku hiyo chumvi kwenye maharage niliitia mara mbili. Wapakiaji walilalamika, nikawaambia waende wakale kwa mama zao wakwe.

Chachu ya nyumbani ilikuwa imekwenda na maji ya mfereji, lakini kantini ninayo nyingine kwenye pipa dogo. Jioni nikaja nayo kwenye chupa ya jemu, nimeishika kwapani nisije nikaimwaga. Nikaloweka unga upya mbele ya mama mkwe, makusudi, huku nauambia mwiko kwa sauti ya kusikika kwamba unga huu ni wa mgonjwa na ameuomba kwa kinywa chake. Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha. Mwiko ulisikia, yeye sijui.

Jumanne unga ulikuwa mahali pake. Jumatano alfajiri haukuwepo. Niliutafuta chini ya meza, nyuma ya mlango, mpaka uvunguni mwa kabati la vyombo, nikaja kuukuta nje, juu ya ukuta wa uani, kitambaa kimelowa umande na ndoo baridi kama bomba la maji. Nikafunua. Hakuna povu. Unga umelala chini, maji yamekaa juu, ungedhani nimeloweka saruji. Unga unaochacha ukipigwa na baridi usiku kucha unanuna, na ukishanuna hata uubembeleze vipi hauamki kwa wakati.

Nilisimama uani na ndoo yangu mikononi, nataka kulia kwa hasira. Siku tano zilikuwa zimekwisha. Chumbani mke wangu alikuwa amelala ubavu, mifupa ya bega imetokeza, na kwenye sahani pembeni yake kulikuwa na paja la kuku wa mama yake halijaguswa. Maana hilo nalo mlijue. Mama mkwe alichinja kuku wa kwanza, hakuliwa. Akachinja wa pili, hakuliwa. Akapika ndizi, akaponda viazi, akachemsha maziwa, vyote vilirudi jikoni. Kwa hiyo si kwamba chakula changu kilimwagwa ili kipishe chakula kingine. Kilimwagwa bure.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ufanye nini kama mgeni mwenyewe kalishika jembe siku ya kwanza na analimia jikoni kwako.

Nikakata shauri. Siku hiyohiyo nikaloweka unga mara ya tatu, lakini kazini, ndani ya chumba cha boila ambako joto halipungui. Nikamkabidhi fundi wa boila, mtu mzima asiye na maneno mengi, nikamwambia, "Mtu yeyote akiigusa ndoo hii, hata meneja, nifuate mbio." Akasema, "Hata wewe?" Nikamwambia mimi nisamehewe. Ijumaa jioni nilifunua. Mapovu mpaka mdomoni mwa ndoo. Nilibeba ndoo ile kwa miguu kutoka kiwandani hadi nyumbani kwa kuogopa mtikisiko wa gari, nikalala nayo chumbani, kati ya kitanda na ukuta. Mke wangu akauliza, "Umekuja na nani?" Nikamjibu, "Kesho utamjua."

Jumamosi asubuhi niliingia jikoni nikafunga mlango kwa komeo. Maji yakachemka. Nikamimina unga taratibu, mkono mmoja unamimina, mkono mwingine unakoroga, mpaka uji ukashikana, ukaanza kurusha matone na kunichoma vidole. Haukuwa na donge hata moja. Nilikuwa nimeshachukua bakuli mlango ulipogongwa.

Nilifungua. Mama mkwe aliingia, akatazama sufuria, akatazama bakuli, akakaa kwenye kigoda chake. Safari hii sikulitazama birika. Hasira nilizokuwa nimezimeza wiki nzima zilipanda zote kwa pamoja.

"Mama," nilisema, "Jumatatu ulimwaga unga wangu."

"Nilimwaga," akasema.

"Jumatano ukautoa nje kwenye baridi."

"Niliutoa."

Hata kukana hakukana. Nilitegemea aseme alidhani umeharibika, au alikuwa anasafisha, niwe na mahali pa kushikia. Amekaa tu, mikono mapajani, ananitazama.

"Sasa mama, mimi nimekukosea nini? Mwanao hajala wiki nzima. Keshokutwa daktari anamtia mpira puani. Kitu pekee alichokiomba kwa mdomo wake ni uji huu, na wewe unaumwaga. Kama hunitaki, nitukane mimi. Unga una kosa gani?"

 Akasema, "Baba, mimi ni mama mkwe wako. Kuna maneno mtu hawezi kumwambia mkwewe usoni."

"Liambie birika basi," nikasema.

Akaligeukia. Mwanamke yule, na mvi zake, akaligeukia birika akaanza kuzungumza nalo.

"Birika, mwanangu hapendi uji mchachu. Hajaupenda tangu anaota meno. Nilikuwa nampa anautema, nampa anautema, mpaka nikaacha kuupika. Sasa ameolewa na bwana mmoja fundi wa uji, bwana mzuri, simsemi vibaya, na kila nikija kuwatembelea namkuta mwanangu anaunywa bakuli zima anatabasamu. Miaka kumi na tisa, birika. Nikasema ni mambo yao. Lakini mgonjwa ambaye chakula hakipiti, nimwache anywe kitu kinachomtia kichefuchefu ili amfurahishe mumewe, atapike, kidonda kifumuke? Nikasema hapana. Bora mkwe anichukie."

Uji ulikuwa unatokota. Nilitaka kumwambia ni mwongo. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini mtu mwongo hakubali makosa mawili kwanza halafu ndiyo aanze kudanganya.

Nilipakua bakuli nikaenda nalo chumbani. Uji ukamwagikia kwenye kisahani. Mke wangu aliinuka kidogo akaegemea mto, na nikaiona ile tabasamu. Kila asubuhi nilikuwa naiona nikadhani ni ya uji.

"Niambie kweli," nikasema. "Uji huu unaupenda?"

Alitazama bakuli, akanitazama mimi, akatazama mlangoni ambako mama yake alikuwa amesimama. Akaelewa.

"Mama," akasema, "umesema."

"Nimelisemesha birika," mama akajibu.

"Nimekuuliza mimi," nikasema.

Mke wangu akashusha pumzi. "Sijawahi kuupenda," akasema. "Siku ile ya kwanza, tumeoana hata wiki haijaisha, ukaamka alfajiri ukaniletea kitandani. Hakuna mtu aliyewahi kuniamkia mimi anipikie. Nikaonja, nikasema mtamu. Siku ya pili ukaniletea tena. Ningesema nini? Wiki ya pili nikaona nitasema mwezi ujao. Mwaka ukaisha. Ukishakunywa kitu mwaka mzima huwezi kusema hukipendi, mtu atakuuliza ulikuwa wapi."

Nilikaa pembeni ya kitanda. Mnajua nilichofanya? Nilianza kupiga hesabu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitaka kujua ni mabakuli mangapi. Nikaona ni maelfu, nikaacha. Nyuma ya kila bakuli nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo, nimeloweka, nimelinda, nimekoroga, nikaenda kazini nikitembea kifua mbele kwa sababu mke wangu amekunywa akamaliza. Nimewasimulia wapakiaji. Nimewaambia, oeni mwanamke anayejua uji. Na muda wote huo mwenzangu alikuwa anaziba pumzi anameza.

"Umenifanya mjinga," nikamwambia.

"Nimekufanya mume," akasema. "Kuna tofauti, ingawa si kubwa."

Mama yake akakohoa pale mlangoni. Sikucheka. Nilikuwa bado sijamaliza.

"Haya, hayo ya zamani tuyaache. Lakini juzi hapa umetoka hospitali, huwezi kula chochote, kwa nini ukaniomba uji usioupenda? Siku nane nimehangaika. Nimelala na ndoo."

 Aliweka mkono juu ya blanketi, pale penye kidonda, kama alivyokuwa anafanya akitaka kukohoa.

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni," akasema, "umeshika ile karatasi ya daktari, sura yako ya mtu aliyekwisha fiwa. Ungeendelea kusimama vile ningekufa kweli. Nikasema nikupe kazi. Na uji mchachu unachukua siku tatu. Nikaona siku tatu zitakutosha."

Nimepigwa na mvuke wa sufuria za kupikia watu mia tatu. Nimemwagiwa mafuta ya moto mguuni. Sikumbuki kitu kilichoniunguza kama maneno yale. Nilitaka kumkasirikia zaidi na nilishindwa mahali pa kuanzia, na kushindwa huko nako kukanikasirisha.

"Sasa unataka kula nini?" nikamuuliza. Na hapo nikatambua kwamba kwa miaka kumi na tisa, mimi mpishi, sikuwahi kumuuliza mwanamke huyu swali hilo.

Aliona aibu kulisema. Akavuta blanketi.

"Kiporo," akasema.

"Kiporo cha nini?"

"Cha wali. Wali uliolala, upashwe asubuhi, ushike kidogo chini ya sufuria. Na chai ya rangi. Nimekuwa nikikiota tangu hospitali."

Nyumbani kwangu hakuna kiporo. Hiyo ni sheria yangu na kila anayenifahamu anaijua. Mimi napika cha kutosha, kinaliwa, kinakwisha, asubuhi tunaanza upya. Kumpa mtu kiporo ni kumwambia kwamba hukumfikiria. Nilifungua mdomo kusema hivyo, lakini mama mkwe aliniwahi.

"Haiwezekani," akasema, na sasa yeye ndiye aliyepandisha sauti. "Mgonjwa wangu apewe kiporo? Watu wakija kumwona wakute anakula kiporo? Mnataka niseme nini? Kiporo tulikula kwa sababu hatukuwa na kingine. Nilikuwa nawapa nikiwa nimegeuza uso."

"Mimi nilikuwa naamka wa kwanza ili wenzangu wasikimalize," mke wangu akasema. "Hukujua?"

Mama yake hakujua. Nilimwona usoni kwamba hakujua. Alishika fremu ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilimhurumia, maana kumbe tulikuwa wawili.

Basi tukarudi jikoni, mimi na mama mkwe, kila mtu na hasira zake. Nikampakulia uji, nikaupakua wangu. Alionja akasema umezidi ukali. Nikamwambia ulikaa siku moja zaidi kwa sababu anazozijua yeye. Akanywa akamaliza.

Kisha nikapika wali. Na kupika kiporo, ndugu zangu, ni fedheha. Unapika wali saa sita mchana, wali mzuri, punje inaachana na punje, halafu huli. Unaufunika na kuutazama. Mama mkwe alisema tuutie nazi. Nikamwambia kiporo hakina adabu hiyo. Nikasema tuutie kitunguu. Akaniuliza kama nimeelewa nilichoombwa. Jioni nilipitia jikoni mara nne kufunua sufuria, mara ya nne nikamkuta yeye ameshaifunua.

Jumapili asubuhi niliupasha. Maji vijiko viwili, mafuta tone moja, moto mdogo, sikukoroga. Nikasubiri mpaka ukaanza kulia chini. Mama mkwe alichemsha chai. Niliingiza sahani chumbani nikaiweka mapajani mwa mke wangu, nikarudi nyuma nikasimama na mama yake ukutani.

Alichukua kijiko cha kwanza akakaa nacho mdomoni muda mrefu. Nikasema moyoni, anautema. Akameza. Akachukua cha pili. Cha tatu akakwangua upande wenye ukoko. Cha nne alifumba macho, na sauti ikamtoka puani, sauti ndogo ya mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Miaka yote niliyompikia sijawahi kuisikia.

Nilikasirika. Wali wa jana. Hauna chumvi ya kutosha, hauna kiungo, hata mtu wa kufagia kantini yangu angeweza kuupasha. Mama mkwe alikuwa amenishika mkono wa shati bila kujua, ananibana. Mke wangu akainua kijiko cha tisa, akasita, akakishusha kidogo. Nikamtazama mwanamke yule aliyenidanganya kila asubuhi ya ndoa yetu, nikamwambia kimoyomoyo, mwongo mkubwa wewe, ongeza, nakuomba, ongeza.

Akaongeza.